Akhwari hakuishia Mexico

Wadau, samahani kwa ukimya. Najua wapo walioanza kuulizana kama nimeoa au nimepata ubunge. Hakuna. Nilikuwa naumwa, na ugonjwa wenyewe naona aibu hata kuutaja, kwa sababu daktari aliuandika kwa maneno ambayo ukimsomea mzee wa kwetu Dongobesh atacheka mpaka fimbo imdondoke: uchovu wa kazi. Nina miaka 29. Presha ilisoma 150 kwa 95. Nilikuwa nimefanya kazi siku 41 mfululizo bila kupumzika hata moja, nilizihesabu baadaye kwenye kalenda nikiwa kitandani.

Sasa sikilizeni kilichotokea wiki mbili kabla sijaanguka. Ofisi (siitaji, bado inanilipa) ilituletea kocha wa maisha. Ndiyo, kuna watu wana kazi hiyo siku hizi, na wengine wanaifanya vizuri, sitaki kuwadharau. Tukakusanywa kwenye ukumbi wa hoteli Jumamosi asubuhi, yaani siku ambayo mtu mwenye akili timamu angekuwa amelala, ili tufundishwe namna ya kupumzika. Kocha alikuwa kijana mtanashati, suti ya bluu, kiatu kimechongoka. Akatuchorea duara ubaoni, akaligawa vipande vinane kama chapati ya msiba: kazi, fedha, afya, ndoa, marafiki, imani, na viwili nimevisahau. Kila mtu ajipe maksi. Kwenye afya nikajipa tatu kwa kumi. Jirani yangu wa dawati la michezo akachungulia karatasi yangu, akanong'ona, "Umejipendelea."

Mpaka hapo sikuwa na ugomvi na mtu. Ugomvi ulianza taa zilipozimwa ukawekwa ukutani mkanda wa John Stephen Akhwari.

Wengi mmeuona. Mexico City, Oktoba 20, 1968, jioni. Mamo Wolde wa Ethiopia ameshashinda maratoni kwa saa 2:20:26, medali zimeshatolewa, watu wanaondoka uwanjani, kiza kinaingia. Halafu anatokea mtu mmoja, goti limefungwa bandeji, anachechemea, anakimbia kidogo anatembea kidogo. Anamaliza kwa saa 3:25:27, zaidi ya saa nzima nyuma ya Wolde. Walianza 75, wakamaliza 57, naye ndiye wa 57. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma mbali kote kule ili aanze mbio, ilimtuma azimalize. Mtengeneza filamu wa Kimarekani, Bud Greenspan, akaieneza hadithi hiyo mpaka kila semina duniani ikawa nayo.

Taa zikawashwa. Kocha akatuuliza, "Huyu alikuwa na goti limeteguka, hakuacha. Wewe umechoka kidogo tu, unataka kuacha?" Makofi. Mhariri wangu alipiga kwa nguvu kuliko wote.

Wadau, mimi ni mtoto wa Mbulu. Jina la Akhwari nimekua nalo. Na pale kwenye kiti, kichwa kinagonga, niligundua kwamba kocha amesimamisha mkanda palepale dunia nzima inaposimamisha. Hakuna aliyewahi kutuonyesha asubuhi iliyofuata. Hakuna aliyeuliza lile goti lilipona vipi, nani alimwambia alale, alirudi kulima lini. Nikasema nikipata nafasi nitaitafuta hiyo sehemu. Nafasi nikaipata, ila si kwa namna niliyoitaka.

Baada ya hospitali nilipanda basi mpaka Babati, nikaunganisha kupandisha milima ya Dareda hadi nyumbani Dongobesh. Wiki sita. Mchana napalilia maharage na baba mdogo, jioni nasoma na kuuliza wazee. Haya ninayoandika ndiyo mavuno.

Tuanze na Akhwari mwenyewe. Alizaliwa Mbulu mwaka 1938. Mbulu ya wakati ule ilikuwa wilaya kubwa kweli, Karatu, Babati na Hanang zote zikiwa ndani yake. Kwa hiyo alipokwenda Mexico alikuwa na miaka 30, mtu mzima wa shamba na mifugo, si kijana aliyeokotwa shuleni. Nchi yenyewe ilikuwa changa katika mambo haya: mara ya kwanza kwenda Olimpiki ilikuwa Tokyo mwaka 1964, na Baraza la Michezo la Taifa liliundwa kwa sheria mwaka 1967, mwaka mmoja tu kabla ya Mexico. Ukisikia "timu ya taifa" usifikirie daktari wa misuli na mtaalamu wa chakula.

Mexico City iko mita 2,240 juu ya usawa wa bahari. Hewa nyepesi. Akhwari alianza kubanwa na misuli, kisha karibu na kilomita ya 19, wakimbiaji wakigombea nafasi, akagongwa akaanguka. Goti likateguka, bega likapigwa na lami. Alikuwa na kilomita zaidi ya 20 mbele yake. Sitabishana na mtu kuhusu ushujaa wa kilichofuata. Mimi hata ngazi za ofisini nilishindwa.

Lakini hebu angalieni mwaka 1970. Julai, Edinburgh, Michezo ya Jumuiya ya Madola. Maratoni anashinda Mwingereza Ron Hill kwa 2:09:28. Wa tano ni nani? John Stephen Akhwari wa Tanzania, 2:15:05.

Someni tena hiyo saa. Ni zaidi ya dakika tano pungufu ya muda aliotumia Wolde kuchukua dhahabu Mexico. (Najua, Mexico kuna mwinuko na Edinburgh hakuna, wanariadha msinirushie mawe.) Mtu aliyeingia uwanjani akiburuta mguu, mwaka mmoja na miezi tisa baadaye ni wa tano katika Jumuiya ya Madola nzima. Goti lililoteguka haliponi kwa kutiwa moyo. Linapona kwa kuachwa lipumzike, halafu kurudishwa kazini polepole. Kati ya Oktoba 1968 na Julai 1970 kuna miezi ambayo Akhwari hakukimbia, au alikimbia kidogo, na hiyo miezi haina mkanda wala makofi. Kwangu mimi hiyo ndiyo habari yenyewe. Mwandishi wa habari mzuri angeifuata, tatizo sisi waandishi huwa tunaondoka uwanjani pamoja na watazamaji.

Nilimuuliza baba mdogo jambo hili tukiwa shambani. Yeye alikimbia, nitawaeleza baadaye. Nikasema, "Baba, wale wa zamani walikuwa na kocha wa kuwaambia wapumzike?"

Akaendelea kupalilia kwa muda. "Walikuwa naye," akasema. "Mvua."

Nikadhani ananitania. Akanieleza. Mvua ikinyesha unalima, huwezi kukimbia sana kwa sababu jembe limeshakumaliza. Maharage yakikomaa unavuna. Kiangazi ndiyo unakuwa na miguu. Mwaka ulikuwa umeshapangwa kabla wewe hujazaliwa, na mbio zilipewa kipande chake tu, hazikupewa mwaka mzima. Mtu akiumia goti hakuwa "majeruhi". Alikuwa mkulima anayechechemea, ana ng'ombe, ana mke, ana shughuli. Hakuna kilichosimama.

Sitaki kupamba, wadau. Tunapenda mno hadithi za mtoto wa kijijini aliyekimbia kilomita kumi kwenda shule akawa bingwa. Mimi nilikimbia kwenda shule na sijawahi kushinda hata mbio za magunia. Maisha hayo yalikuwa na njaa na ndama waliokufa kwa ukame, na jembe nalo linachosha. Ninachosema ni kimoja: aliyekimbia hakuwa mkimbiaji peke yake.

Kizazi kilichofuata kikapata kocha wa aina nyingine. Jeshi.

Filbert Bayi alizaliwa Juni 1953 Karatu, ambayo kama nilivyosema ilikuwa bado Mbulu. Akawa mwanajeshi wa JWTZ, fundi wa ndege. Januari 1973 kwenye Michezo ya Afrika mjini Lagos alimshinda Kipchoge Keino mita 1,500, dunia ikauliza huyu katoka wapi. Februari 2, 1974 huko Christchurch, New Zealand, akaongoza tangu mlio wa bastola mpaka mwisho, 3:32.2, rekodi ya dunia. John Walker wa nyumbani kwao alimfuata kwa 3:32.5, naye pia akiwa chini ya rekodi ya zamani, na bado ni wa pili! Mei 1975 akaongeza rekodi ya maili moja, 3:51.0, huko Kingston, Jamaika.

Halafu ikaja 1976. Olimpiki ya Montreal ilikuwa iwe Bayi na Walker, dunia nzima ilisubiri hilo. Timu ya raga ya New Zealand ikaenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu, nchi za Afrika zikasusia Olimpiki, Tanzania ikiwa mstari wa mbele. Bayi alikuwa na miaka 23. Walker akachukua dhahabu bila yeye. Ni kweli pia kwamba mwaka ule Bayi alisumbuliwa na malaria, kwa hiyo hata angekwenda hatujui. Lakini fikirieni: kitu ulichojiandalia miaka yote kinafutwa na uamuzi ambao wewe hukuulizwa, na uamuzi wenyewe ni wa haki, huna hata wa kumkasirikia.

Leo kijana wa aina hiyo tungemtafutia kocha wa maisha haraka. Bayi alikuwa na kitu kingine. Alikuwa na kazi. Mshahara wake haukutoka kwa Walker wala Montreal. Aliendelea kuwa askari, akahamia mita 3,000 kuruka viunzi na maji, na alisoma pia Marekani katika Chuo Kikuu cha Texas pale El Paso. Mwaka 1980 Moscow, kama kawaida yake, akatoka mbele kama anayefukuzwa na nyuki, akawaacha wote mbali, akaja kukamatwa na Malinowski wa Poland mzunguko wa mwisho. Fedha, 8:12.5. Michezo hiyohiyo Suleiman Nyambui naye alipata fedha mita 5,000. Hizo mbili ndizo medali pekee za Olimpiki ambazo Tanzania imewahi kupata. Mpaka leo ninapoandika.

Baadaye Bayi na mkewe wakaanzisha shule, zikakua, na yeye akawa Katibu Mkuu wa Kamati ya Olimpiki Tanzania kwa miaka mingi. Wakosoaji wa uongozi wa michezo wapo, na mimi nimeshaandika habari zao, lakini hayo ni mambo mengine. Hapa naangalia mtu aliyeacha kukimbia akabaki na kitu mkononi.

Sasa twende Hanang. Hapa nilifanya safari kabisa, mimi na baba mdogo, tukateremka Dareda tukashika barabara ya Singida mpaka Katesh. Mlima Hanang una mita 3,417, na ukiwa Katesh hauhitaji kuutafuta, umekusimamia kichwani. Desemba 3, 2023 tope na mawe vilishuka kutoka mlimani humo vikaua watu zaidi ya 80. Kovu bado linaonekana. Tulisimama kidogo, baba mdogo akavua kofia, tukaendelea.

Huko ndiko nyumbani kwa Gidamis Shahanga, Mbarabaig. Vijana wa leo hawamjui, na hilo linanikera kuliko ninavyoweza kueleza. Agosti 1978 huko Edmonton, Kanada, alishinda maratoni ya Jumuiya ya Madola akiwa na miaka 20. Maratoni! Umri ambao mimi nilikuwa naandika barua ya kuomba mkopo wa chuo. Naye akaenda El Paso kama Bayi na Nyambui. Mwaka 1982 huko Brisbane akashinda mita 10,000. Mtu angesema imetosha, rudi hotelini kalale. Lakini siku chache baadaye alikuwa tena barabarani kwenye maratoni, yeye na Juma Ikangaa, wakaongoza kwa kasi ya kutisha. Ikangaa akapata fedha kwa 2:09:30 nyuma ya Robert de Castella wa Australia aliyetumia 2:09:18. Shahanga miguu ilimwishia, akaachwa, akamaliza nje ya medali.

Nimezitazama mbio hizo mara nyingi na kila mara najiuliza kama kulikuwa na mtu wa kumwambia Gidamis, kijana, medali yako unayo, maratoni mwachie Juma. Timu ya taifa ilikuwa na makocha wazuri miaka ile, Erasto Zambi jina lake halifutiki, na Mmarekani Ron Davis naye alifundisha timu yetu. Pengine aliambiwa akakataa. Pengine nchi ilitaka medali mbili. Mkimbiaji wa miaka 25 aliyetoka kushinda hawezi kujua kwamba amechoka, hiyo ndiyo shida ya kushinda. Hata mimi wiki niliyoanguka habari yangu ilikuwa ukurasa wa kwanza.

Mwaka huohuo wa 1982 kuna jambo lilitokea mbali na uwanja, nalo likabadilisha kila kitu. Shirikisho la riadha la dunia liliruhusu wanariadha kuwekewa fedha za mashindano katika mfuko maalumu. Kabla ya hapo mbio zilikuwa ridhaa, ukilipwa hadharani unafungiwa. Mlango ukafunguka nusu, kisha ukafunguka wote. Boston, maratoni kongwe kuliko zote za kila mwaka, ilianza kutoa zawadi za fedha mwaka 1986. Ikangaa akawa wa pili pale mara tatu mfululizo, 1988, 1989 na 1990, mara ya kwanza akipitwa kwa sekunde moja na Mkenya Ibrahim Hussein, na katikati yake akashinda New York mwaka 1989. Lakini Ikangaa alikuwa ofisa wa jeshi muda wote. Walioumia ni waliomfuata, walioona zawadi bila kuona kambi.

Na hapa ndipo baba mdogo anapoingia.

Alikuwa jeshini mwanzoni mwa miaka ya 90, akikimbia mashindano ya majeshi. Akashinda mbio fulani Arusha, meneja kutoka Ulaya akamwona, akaenda kukimbia mara moja, akarudi na pesa ambazo mshahara wake ungezileta kwa miaka minne. Akaacha ajira. Bibi yangu alilia wiki nzima. Kiangazi kilichofuata huko Ulaya alikimbia mashindano 11. Kumi na moja! Wikiendi moja Ujerumani, inayofuata Ufaransa, nusu maratoni, kilomita kumi, chochote chenye bahasha mwishoni. Wanalala sita chumba kimoja, wanapika ugali wa unga waliotoka nao nyumbani.

"Kocha hakukwambia upumzike?" nikamuuliza.

"Kocha yupi? Kocha alikuwa Arusha, mimi niko Ulaya. Simu ya kumpigia ilikuwa ya meneja."

Meneja hula asilimia ya zawadi, kawaida 15. Si lazima awe mtu mbaya. Baba mdogo anasema wake alikuwa mpole, alimnunulia hata koti. Lakini ukipumzika wewe, na yeye amepumzika kula, kwa hiyo huyo si mtu wa kukuambia lala. Goti la kulia lilianza kuuma mashindano ya saba. Akachomwa sindano, akakimbia. La nane, sindano. Alirudi nyumbani na Pajero iliyotumika, ambayo ilikufa mwaka uliofuata, na goti ambalo mpaka leo akishuka mteremko wa kwenda kisimani anashuka kwa ubavu, kama kaa.

Nikamuuliza kuhusu jeshini, kama ilikuwa afadhali. Akanyamaza, halafu akaniambia habari ya sajini mmoja wa michezo. Asubuhi kabla ya mazoezi sajini alikuwa anawapanga mstari, anapita akiwatazama macho mmoja mmoja, hasemi kitu. Akifika kwako akaona hayajatulia anakwambia, "Wewe, kalale." Hapo hakuna mjadala, ni amri ya jeshi. "Tulimchukia sana," baba mdogo akasema. "Ulaya nilimkumbuka kila asubuhi."

Jamani, nilikuwa na jembe mkononi na nilitaka kulia. Siku 41, hakuna aliyenitazama macho. Na si kwamba ofisini hawanipendi, Mungu shahidi. Kila mtu alikuwa anatazama ukurasa wake.

Matokeo ya nchi kwa ujumla mnayajua. Kulikuwa na mwanga mkali kidogo: mwaka 2005 Christopher Isegwe alipata fedha ya maratoni ya dunia Helsinki, mwaka huohuo Fabiano Joseph wa Babati, akiwa na miaka 19, akawa bingwa wa dunia wa nusu maratoni Edmonton, na mwaka 2006 Samson Ramadhani akashinda maratoni ya Jumuiya ya Madola Melbourne. Baada ya hapo kimya. Miaka 12 bila medali ya mashindano ya dunia, kutoka 2005 hadi 2017. Sababu ziko nyingi, na atakayewaambia ni moja anawauzia kitu. Shule kudharau michezo, viongozi kugombana, pesa kupotea njiani. Lakini nimezungumza na wakimbiaji watano wa enzi hizo kati ya Mbulu na Katesh na wote watano waliniambia jambo lilelile kwa maneno tofauti: tulikimbia mno, mapema mno, na tulipoumia hatukuwa na pa kurudi.

Wenzetu Wakenya walipatwa na ugonjwa huohuo, wapo mabingwa wao walioishia pabaya. Ila walijenga kambi. Pale Kaptagat, Patrick Sang, mwenyewe mshindi wa fedha ya kuruka viunzi na maji Barcelona 1992, amekaa na Eliud Kipchoge tangu Kipchoge akiwa kijana. Wanaishi kambini siku za juma, wanasafisha vyoo wenyewe kwa zamu, mwisho wa juma wanarudi kwa wake zao na watoto. Maratoni ni kama mbili kwa mwaka. Sang ni tajiri wa kusema "bado".

Na kwetu? Alphonce Simbu. Huyu ni wa Singida, ng'ambo tu ya Hanang, kwa hiyo ruhusuni nimwibe kidogo. Askari wa JWTZ, anajifua Arusha. Alikuwa wa tano Olimpiki ya Rio 2016, akapata shaba ya dunia London 2017. Halafu angalieni miaka iliyofuata: Doha 2019 wa 16. Olimpiki ya Tokyo wa saba. Fedha ya Jumuiya ya Madola Birmingham 2022. Olimpiki ya Paris 2024 wa 17. Mtu wa kukimbilia bahasha angekuwa ameshachakaa au ameshakata tamaa. Mshahara wa jeshi uliendelea kuingia akiwa wa 16 na akiwa wa 17. Aprili 2025 akawa wa pili Boston, 2:05:04. Miezi karibu mitano ikapita. Septemba 15, 2025, Tokyo, mashindano ya dunia, anaingia uwanjani pamoja na Amanal Petros wa Ujerumani, wote wanapewa 2:09:48, ikabidi itazamwe picha: Simbu kwa sekunde 0.03. Dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano ya dunia ya riadha, akiwa na miaka 33.

Siku ile nilikuwa zamu. Niliandika habari yake kwa dakika 20 na nikaandika, naomba radhi, kwamba ni ushindi wa "kutokata tamaa". Neno lilelile la semina. Ningeiandika leo ningeuliza alilala saa ngapi miezi ile mitano.

Kuna msomaji ataniambia kwamba si kila mtu anaweza kuajiriwa na jeshi, na kwamba mwandishi wa kujitegemea anayelipwa kwa habari moja moja akipumzika hali. Ni kweli na sina jibu lake. Baba mdogo naye alisema hivyohivyo: zile pesa za Ulaya ndizo zilizojenga nyumba ninayolala sasa, na ndizo zilizomlipia ada binamu yangu ambaye leo ni mwalimu Haydom. Nilipomuuliza kama angeweza kurudi nyuma angefanya nini, nilitegemea aseme asingeacha jeshi. Akasema angekimbia sita badala ya 11. "Sita zingetosha nyumba," akasema. "Pajero ndiyo ilikula goti."

Jumatatu narudi Dar. Nimempigia mhariri nikamwambia Jumapili zangu sitakuwa napatikana, na kwamba nikiandikiwa zamu siku saba nitaomba niandikiwe kwa barua. Amesema tutazungumza. Presha asubuhi hii, kwa mashine ya zahanati, ni 128 kwa 84. Maharage yameanza kutoa maua na sitakuwepo kuyavuna, baba mdogo amekubali kunihifadhia debe moja.

Picha za Katesh nitaziweka nikipata intaneti ya maana. Na kama kuna mtu ana picha ya Shahanga akiwa Edmonton 1978, tafadhali sana aniandikie. Pale Katesh niliuliza nyumba nne, hakuna aliyekuwa nayo.